Kutoka ukumbini hadi kwenye kompyuta: kuchagua kamera ya video na kuhamisha kazi yako salama

Kabla hujauliza bei ya kamera yoyote, chukua karatasi uandike siku moja ya kazi yako, saa kwa saa. Mimi narekodi harusi na sendofu Dar es Salaam na Pwani, na karatasi yangu inasomeka hivi: saa 6 mchana nyumbani kwa bibi harusi, chumba kidogo chenye dirisha moja, saa 8 kanisani, ibada ya saa mbili mfululizo, saa 11 ufukweni, jua linashuka na upepo unavuma, saa 1 jioni ukumbini, taa za rangi na muziki wa juu, mpaka saa 6 usiku. Mwenzangu anayerekodi maulidi na ndoa za Kiislamu ana karatasi tofauti kabisa. Yeye hukaa nyuma ya watu, hawezi kusogea, na sauti ya shehe anapoozesha ni ya chini kiasi kwamba hata waliokaa mstari wa tatu hawaisikii.

Mimi na yeye hatuhitaji kamera moja. Vijana wengi hunifuata na swali la "Kaka, ninunue kamera gani?" kabla hawajajua watakachokirekodi, halafu wananunua ile waliyoiona mikononi mwa mtu mwingine.

Hatua ya 1: Amua aina kabla ya jina

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kamera ya video yenyewe, ile yenye mkanda wa mkono pembeni na lenzi isiyotoka. Nguvu yake ni zumu ndefu ya lenzi na uwezo wa kurekodi saa nyingi bila kulalamika. Kwa misa, mahafali, mikutano ya injili na maulidi, hii ndiyo ninayoipendekeza, hata kama vijana wanaiona ya kizamani. Ukiwa nyuma ya kanisa unaivuta pete kwenye kidole bila kusimama wala kumziba mtu.

Ya pili ni kamera ya picha inayorekodi video, yenye lenzi za kubadilisha. Tangu Canon walipotoa 5D Mark II mwaka 2008, wapiga picha wengi wa harusi wamehamia upande huu, na sababu inaonekana kwa macho: kihisio chake cha mwanga ni kikubwa, hivyo ukumbi wenye giza unaonekana vizuri, na ukifunga lenzi ya f/1.8, yaani inayofunguka sana kupitisha mwanga, uso wa bibi harusi unasimama peke yake huku nyuma pakififia. Lakini lenzi hiyo ina bei yake, tena wakati mwingine inaikaribia bei ya kamera.

Ya tatu ni simu. Usiidharau. Kwa mtu anayeanza na video fupi za duka au mapishi, simu nzuri, stendi na maiki ya kubana kwenye nguo vinatosha mwaka mzima wa kwanza.

Ushauri wangu kwa anayeanza harusi ni huu: kamera mbili za wastani za kampuni moja zinakuangusha kazini mara chache kuliko kamera moja ya gharama kubwa. Betri zinaingiliana, rangi zinafanana, na moja ikigoma ibada haisimami. Na usimalize hela yote kwenye kamera. Tenga kama theluthi ya bajeti kwa kadi, betri, maiki, stendi na diski za kuhifadhia.

Hatua ya 2: Ikague mkononi, dukani hapo hapo

Kitu cha kwanza kutazama ni tundu la maiki na tundu la hedifoni. Kamera nyingi za bei nafuu zina la kwanza na hazina la pili, na hapo ndipo mtu anarudi nyumbani na saa tatu za mlio wa waya uliolegea. Mtazamaji huvumilia picha yenye chembechembe. Sauti mbovu haivumilii.

Pili, uliza inarekodi kwa muda gani bila kukatika. Kamera nyingi za picha za miaka iliyopita husimama zenyewe zikifika dakika 29 na sekunde 59. Huo si ubovu. Ushuru wa forodha wa Ulaya uliihesabu kamera inayorekodi dakika 30 na zaidi kuwa kamera ya video, na kutoza zaidi, kwa hiyo watengenezaji wakaweka ukomo. Nyingi za sasa hazina ukomo huo, ila zilizotumika bado zimejaa madukani. Viapo havisubiri ubonyeze kitufe tena. Irekodi dakika 40 ukiwa dukani, isikie inavyopata joto.

Tatu, nafasi mbili za kadi. Kama bajeti inafika, chagua kamera inayoandika kadi mbili kwa wakati mmoja, kitu kile kile kwenye kadi zote mbili. Angalia menyu vizuri, kwa sababu kuna mpangilio wa kupokezana, ambapo kadi ya pili inaanza ya kwanza ikijaa. Huo unaongeza muda tu, hauna nakala ndani yake.

Nne, jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kama ilivyo Kenya na Uganda, na kamera iliyotengenezwa kwa soko la Marekani au Japani kwa kawaida imepangwa kwa NTSC, mfumo wa fremu 30 au 60 kwa sekunde. Ukirekodi fremu 30 chini ya taa za ukumbi, picha inaweza kupepesa mistari inayopanda na kushuka. Dawa ni kuingia kwenye menyu na kuhamisha kutoka NTSC kwenda PAL, mfumo unaoendana na umeme wa mizunguko 50, urekodi fremu 25 au 50, na kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, uiache 1/50 au 1/100 ya sekunde. Kama kamera haikubali kuhama, bado unaweza kubaki na fremu 30 ukaweka shata 1/50 au 1/100, na mistari itapungua au kuisha. Kamera zilizouzwa kwa soko la Japani mara nyingi zina menyu ya Kijapani pekee, kwa hiyo iwashe uone lugha kabla ya kutoa hela.

Kama ni iliyotumika, zima taa za duka kidogo na umulike ndani ya lenzi kwa tochi ya simu. Kwetu Pwani unyevu hauna huruma, na kuvu huota kwenye kioo kama utando mweupe wa buibui. Kuvu kidogo pembeni pengine hutaiona kwenye picha, lakini husambaa. Halafu funga kifuniko cha lenzi, rekodi sekunde chache za giza, uone kama kuna nukta nyeupe au nyekundu zisizosogea. Chomeka kadi, chomeka waya wa USB, chaji betri hadi taa ibadilike. Zumu ya kidijiti iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi ipuuze; hiyo ni kukuza picha iliyokwisha kupigwa, namba ya maana ni zumu ya lenzi.

Hatua ya 3: Kadi, na hesabu yake

Hapa naomba usome polepole.

Kila kamera ina kiwango cha data kinachopimwa kwa megabiti kwa sekunde. Kizidishe kwa 0.45 na utapata gigabaiti kwa saa moja. Ukirekodi kwa megabiti 50, saa moja inakula GB 22.5. Ukirekodi 4K kwa megabiti 100, saa moja inakula GB 45. Harusi yangu ya kawaida inatoa saa nne za rekodi kwa kamera moja, yaani GB 90 au GB 180, kulingana na nilivyochagua. Kwa hesabu hiyo unajua unahitaji kadi ngapi kabla hujatoka nyumbani.

Kwenye kadi, tafuta alama ya V30 au U3. Maana yake kadi inaandika angalau megabaiti 30 (sawa na megabiti 240) kwa sekunde bila kushuka, na hiyo inatosha kamera nyingi za wastani. Namba kubwa iliyochapwa mbele, 150 au 200, kwa kawaida ni kasi ya kusoma, haikusaidii wakati wa kurekodi. Napendelea kadi za GB 64 nne kuliko moja ya GB 256, ili moja ikifa isiondoke na siku nzima.

Sasa nikueleze kwa nini nasisitiza. Miaka kadhaa nyuma nilinunua kadi ya GB 128 kwa bei nzuri mno. Niliitumia kwenye sendofu, na kamera ilikubali kila kitu, muda ukawa unahesabu, taa nyekundu ikawaka hadi mwisho. Nyumbani nikaona mafaili yote yamekaa kwa majina na ukubwa wake. Ya mwanzo yalifunguka. Yale ya baada ya keki yalikuwa meusi. Kadi ilikuwa na nafasi ndogo kuliko iliyoandikwa juu yake, na ilipojaa iliendelea kujifanya inaandika.

Kwenye sehemu ile nyeusi kulikuwa na mama mzazi akimuusia binti yake. Niliikumbuka vizuri, kwa sababu niliirekodi kwa karibu: mama aliweka mkono kichwani kwa binti, kitenge kikateleza begani, hakukirudisha. Nilimpigia baba wa binti Jumatatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kazi yetu vipi?"

Nikamweleza yote. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza, "Na sauti je?" Sauti ilikuwapo, kwa sababu niliacha kirekodi kidogo cha sauti kwenye meza ya MC. Niliipanga ile sauti juu ya picha mnato za mpiga picha mwenzangu, na ndiyo familia ile wanayoitazama hadi leo. Sikuwatoza hela.

Tangu siku hiyo, kadi mpya haiingii kwenye kamera kabla ya kupimwa. Kwenye Windows natumia programu ya H2testw, na kwenye Mac au Linux kuna F3, zote za bure. Zinaijaza kadi hadi ukingoni, kisha zinasoma kila kilichoandikwa na kulinganisha. Kwa kadi kubwa huchukua zaidi ya saa moja. Iache usiku. Na kirekodi cha sauti sikiachi kamwe. Angalizo moja tu: sauti inayotoka kwenye mikisa ya muziki, ile mashine ya kuchanganyia sauti, ni kubwa kuliko inayotarajiwa na tundu la maiki la kamera, na ukiiunganisha moja kwa moja itapasuka. Ipitishe kwenye kirekodi chenye tundu la laini (LINE IN), uipunguze.

Hatua ya 4: Kuhamisha

Ukifika nyumbani, hata kama ni saa 8 usiku, hamisha kabla ya kulala. Kadi iliyolala mfukoni mwa suruali ndiyo inayofuliwa.

Itoe kadi na sukuma ile kufuli ndogo iliyo ubavuni mwake iende chini. Sasa kompyuta inaweza kuisoma lakini haiwezi kuandika wala kufuta. Tumia kisoma kadi cha USB 3, siyo waya wa kamera. Waya unamaliza betri ya kamera, na kamera nyingi hutuma polepole. Kwa USB 2, kadi ya GB 64 iliyojaa huchukua nusu saa na zaidi. Kwa USB 3 na kadi nzuri ni kama dakika 12. Tundu la USB 3 mara nyingi lina plastiki ya bluu ndani.

Tengeneza folda mpya kwenye kompyuta na uipe jina linaloanza na mwaka, ili folda zijipange zenyewe: 2025-03-15_Ndoa_KameraA_Kadi1. Kisha nakili kadi nzima, folda zote kama zilivyo. Usiingie ndani kuokota mafaili ya video peke yake. Kamera za AVCHD, mfumo wa kurekodi ambao Sony na Panasonic waliutangaza mwaka 2006, huficha video kwenye folda zilizo moja ndani ya nyingine, PRIVATE, AVCHD, BDMV, halafu STREAM, na rekodi moja ndefu huikata vipande vya GB 2 au 4. Ukiviokota kimoja kimoja, kwenye maungio unaweza kusikia sauti ikikatika kama mtu aliyemeza neno. Ukinakili folda nzima na kuingiza kupitia programu inayoelewa mpangilio huo, vipande hujiunga. Kamera mpya za Sony huweka video kwenye folda ya M4ROOT, ndani ya folda ya CLIP. Kamera nyingine huweka kwenye DCIM. Kanuni ni ile ile, chukua yote.

Nakili, usikate. Ukitumia "kata na bandika" na umeme ukakatika katikati, au waya ukaguswa na mtoto, utabaki na vipande huku na huku.

Kompyuta ni nakala ya kwanza. Ya pili iweke kwenye diski ya nje, ile tunayoiita eksteno. Diski hiyo ifomatiwe, yaani ifutwe na kupangwa upya, kwa exFAT, mpangilio ambao Windows na Mac zote zinausoma na kuuandika. Ikiwa FAT32 itakataa faili lolote linalozidi GB 4, na wengi hufikiri faili ndiyo mbovu. Ikiwa NTFS, Mac itaisoma lakini kwa kawaida haitaiandika. Nakala ya pili ichukue kutoka kwenye kadi tena, siyo kutoka kwenye kompyuta, ili kosa la nakala ya kwanza lisirithiwe.

Sasa hakiki. Linganisha idadi ya mafaili na jumla ya ukubwa kati ya kadi na nakala, hadi baiti ya mwisho. Kwenye Windows, programu ya TeraCopy inaweza kunakili na kuhakiki yenyewe. Baada ya hapo fungua kwa VLC, programu ya kuchezea video, faili la kwanza, la katikati na la mwisho, na kila moja ulivute hadi mwishoni mwake. Kama video inakwamakwama, usishtuke. Kamera nyingi za sasa hurekodi kwa H.265, njia ya kubana video ambayo inabana picha sana na kuichosha laptopu ya zamani. Faili ni zima, kompyuta ndiyo inayohema. Kwenye DaVinci Resolve, programu ya kuhariri ambayo ina toleo la bure, unaweza kutengeneza nakala nyepesi za kuhariria, halafu kazi ya mwisho ikatoka kwenye mafaili halisi. Toleo hilo la bure lina mipaka kwa baadhi ya aina za H.265, kwa hiyo jaribu na faili moja la kamera yako kabla ya kuahidi mteja tarehe.

Na tafadhali usihamishe kazi kwa WhatsApp. Ukiituma kama video ya kawaida inaibana, na ulichokipata siyo ulichokirekodi.

Kadi mimi huirudisha kwenye kamera kufomatiwa pale tu nakala mbili zimefunguka na moja imetoka nje ya nyumba, kwa dada yangu Mbezi. Kufomati ni kwa kamera yenyewe, siyo kwa kompyuta, kwa sababu kamera hupanga folda zake inavyozitaka.

Kadi ikigoma kusomeka na kompyuta ikakuuliza kama uifomati, jibu ni hapana. Usirekodi chochote zaidi juu yake. Jaribu kisoma kadi kingine kwanza, mara nyingi tatizo ni hapo. Ikishindikana, programu ya kuokoa mafaili ya PhotoRec ni ya bure na huokoa mengi, mradi yaliyookolewa uyaelekeze kwenye diski nyingine. Vipande virefu vinaweza kutoka bila majina na pengine vimevurugika, lakini dakika kumi za viapo ni bora kuliko sifuri.

Kanda za zamani

Kila mwezi kuna mtu ananiletea mfuko wa rambo wenye kanda ndogo za MiniDV, za harusi na misiba ya miaka ya 2000. Kanda hizi zilianza mwaka 1995, na picha ndani yake tayari ni ya kidijiti, kwa hiyo inaweza kutoka bila kupungua hata chembe ukitumia njia sahihi. Njia hiyo ni waya wa FireWire, ambao Sony waliuita i.LINK. Tundu la USB la kamera hizo mara nyingi lilikuwa kwa ajili ya picha mnato au video hafifu, usilitumie.

Utahitaji kamera ya MiniDV inayofanya kazi na kompyuta yenye tundu la FireWire. Laptopu za leo hazina. Mimi natumia kompyuta ya mezani ya zamani yenye kadi ya FireWire ndani, Windows, na programu ndogo ya bure iitwayo WinDV. Kwanza sukuma kile kidude cha mgongoni mwa kanda kwenye SAVE ili isiandikwe juu yake. Itazame kwa dirisha lake: ukiona ukungu mweupe kwenye mkanda, usiiingize, itachafua vichwa vya kamera vinavyosoma mkanda na kuziharibu kanda zinazofuata. Ikiwa safi, ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe mwanzo mara moja, ili mkanda uliogandamana uachie. Halafu cheza na urekodi. Saa moja ya kanda ni saa moja ya kusubiri, na inachukua kama GB 13. Hakuna njia ya mkato.

Kwa sababu ya saa hiyo moja, mwite mwenye kanda aje akae nawe. Mama mmoja alikuja na kanda ya harusi ya kaka yake, na alipoona wazee waliopita kwenye kioo alianza kuwataja: huyu ni mjomba wa Korogwe, huyu ndiye aliyelipa basi. Kijana wake aliyemsindikiza hakumjua hata mmoja. Weka daftari na kalamu mezani, na kila jina analolitaja liandike pamoja na dakika na sekunde inayosomeka kwenye kioo.